Alama ya Ng'ombe kwenye Shafti

Gari lilianza kulia kwenye kona ya kwanza nilipotoka Segese. Nilikata kuingia barabara ya Kahama, upande wa mbele ukatoa mlio mkavu, ka-ka-ka, kama mtu anavunja vijiti. Fundi wa pale alikuwa amekaa nalo siku mbili. Nilimpelekea abadilishe bushi za mbele tu, na lilipoingia gereji kwake halikuwa na mlio huo.

Sikurudi. Nilijiambia ni jiwe. Nilikuwa naenda nyumbani Mhunze kumwona mama, na mtu wa kutangatanga kama mimi, aliyeishi Geita, Ushetu na kila kijiji chenye mashimo ya dhahabu, huzoea kudharau milio.

Mhunze nilipandisha jeki uani, nikafungua tairi, nikaingiza kichwa. Hapo nikajua nimeibiwa.

Gari lile aliniachia baba. Alikuwa mfugaji kabla ya kuwa mwenye gari, na hakuona tofauti kubwa. Ng'ombe wake walikuwa na alama: mistari miwili, na wa tatu unaikata kwa chini. Aliponunua gari alikaa siku nzima na tupa, akikwaruza alama hiyo hiyo kwenye kila chuma kinachofunguka: shafti zote mbili zinazozungusha magurudumu ya mbele, shokapu, mpaka jeki. Tulimcheka. Alituambia mwizi wa ng'ombe na fundi wote wanafanya kazi wakati mwenye mali anakunywa chai.

Shafti ya kulia ilikuwa na alama. Ya kushoto haikuwa nayo. Kilikuwa chuma cha mtu mwingine, mpira wake umepasuka, grisi imekauka. Na nilijua cha nani. Fundi yule alikuwa na gari la aina ile ile, alilobebea abiria kati ya Segese na Kahama, na siku nilipompelekea langu, lake ndilo lililokuwa likilia.

Mwingine angekwenda polisi. Mimi nilinunua spana. Nilitaka kuifungua shafti ile mwenyewe, mbele yake, na nisikosee hata nati moja.

Mara ya kwanza nilianza baada ya chai ya asubuhi, nikamaliza ng'ombe wanarudi zizini. Nilikuwa nimenyanyua gari kabla ya kulegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu, kwa hiyo gurudumu likazunguka na mimi nikazunguka nalo. Ikabidi nilishushe tena, mama akae kwenye usukani akanyage breki.

"Ng'wanawane," aliniuliza, kwa Kisukuma chetu cha kumwita mtoto, "nikanyage mpaka lini?"

"Mpaka ikubali."

"Baba yako naye alikuwa na kichwa hicho hicho. Ila yeye alininunulia soda kwanza."

Nilirudia kila siku. Fungua bolti tatu za chini zinazoshika kiungo cha boljointi. Vuta habu, kitovu cha gurudumu, kuelekea kwako, shafti itoke kwenye meno. Weka beseni chini ya gia boksi kabla oili haijamwagika, kisha ng'oa kwa mtaimbo, pigo moja, maana ukisitasita unachana sili inayozuia oili. Kila nilipopiga mtaimbo nilimwona fundi. Nakiri kwamba wiki zile nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miaka mingi. Harufu ya oili ikichanganyika na ya zizi ilinirudisha utotoni, na hata utamu huo niliumwagia kwenye hasira.

Mwezi ulipoisha nilikwenda Segese na mlio wangu, siku ya gulio, saa nne asubuhi, wateja wamejaa gereji. Gari lake lilikuwa kivulini.

"Kaka, karibu," fundi alisema. "Bushi zinasemaje?"

"Bushi nzima. Nimefuata shafti yangu."

"Shafti gani?"

"Ya kushoto. Imo humo kwenye gari lako."

Alicheka, akawatazama wateja ili nao wacheke. Mwuza nyama mmoja aliyekuja kurekebisha breki alicheka kweli. "Fundi, umekula mpaka shafti?"

Nilimwomba mwuza nyama alale chini ya gari langu aone ile ya kulia, kisha alale chini ya lile jingine aone ya kushoto. Fundi alikuwa ameipaka rangi nyeusi, na hapo ndipo alipokosea. Nilipitisha kitambaa chenye petroli, rangi ikatoka juu ya chuma ikabaki ndani ya mikwaruzo. Alama ikasimama kama imeandikwa kwa wino.

"Hizo za kiwandani," fundi alisema.

"Kiwanda gani?" mwuza nyama aliuliza, bado amelala. "Mimi nanunua ng'ombe Mhunze. Wa alama hii nimewachinja."

Nikatoa spana zangu. Nilipofika kwenye gia boksi nikaomba beseni, na fundi akalileta mwenyewe, akalishika. Nilitoa shafti kwenye gari lake, nikatoa mbovu kwenye langu, nikafunga ya baba. Hakuna aliyeondoka. Nati ya mwisho ilipokazwa, mbovu ilikuwa imelala mchangani kati yetu.

"Kaka, nirudishie basi ile," alisema kwa sauti ya chini. "Gari hili ndilo linalolisha watoto."

"Ulichokitia kwenye gari langu ni changu."

"Mpe bwana," mwuza nyama aliniambia. "Si chuma kibovu tu?"

Niliokota chuma kibovu nikakitupa kwenye buti. Nilimsikia vizuri aliposema watoto. Nilifunga buti.

Mwuza nyama alijifuta mchanga, akamgeukia fundi. "Sasa langu hebu lipandishe jeki. Na mimi nichungulie."

Nilipita tena Segese baada ya mvua. Gari la fundi lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu ya mbele, kuku wanaingia na kutoka. Shafti angepata Kahama. Wateja ndio waliokuwa wamehama. Mwenyewe alikuwa ameinamia baiskeli ya mtu, na uani hapakuwa na gari lingine. Nilikuwa na haraka ya kufika Geita. Hata hivyo nilipunguza mwendo, nikashusha kioo, nikatazama mpaka nikaridhika.