Shikamoo kwa mdoli

Leo nimemwamkia mdoli shikamoo, kisha nikangoja aniitikie.

Ilikuwa kwenye mtihani wa kuhuisha cheti cha kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Bila cheti hicho nisingerudi zamu ya wodi ya dharura, kwa hiyo nilikuwa nimeusoma mwongozo mpya kwa bidii.

Tatizo ni kwamba mkufunzi wetu, Bi Mwanaidi, alikuwa amemvika yule mdoli wa mazoezi kanzu na kofia.

Nikapiga magoti, nikamgusa bega kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Nikangoja.

Nikarudia, kwa sauti ya chini zaidi. (Labda nilihisi nimemuudhi.)

"Bibiye," akasema Bi Mwanaidi, "mwenzio moyo umesimama, nawe wangoja marahaba?"

Darasa zima likacheka, nami pia, ingawa moyoni niliona cheti kinaniponyoka.

Akaniruhusu nianze upya. Safari hii nilimtikisa mabega, nikamwita kwa nguvu, nikaomba msaada, nikatazama kama anapumua, kisha nikaanza kukandamiza kifua bila kuchelewa.

Nimefaulu. Kesho narudi zamu.

Hata hivyo, njiani kurudi nyumbani Chumbageni nimewaza kwamba shikamoo ile ya kwanza huenda haikuwa upuuzi. Mzee wa huku kwetu asipoitikia shikamoo, hali yake ni mbaya kweli.

Nadhani kosa langu lilikuwa ile shikamoo ya pili.

Au ninajitetea tu? Wauguzi wenzangu, niambieni ukweli.