Pizza Iliyoliwa Pande Mbili za Ukuta

Harufu ya unga unaoungulia pembeni mwa sufuria hunirudisha Kyela mara moja, popote nilipo. Nimekwisha kula pizza kwingi: ya uyoga Mbeya mjini, ya nyama ya kusaga Dar es Salaam, na ile ya samaki tuliyokula Matema miguu ikiwa kwenye mchanga wa ziwa, ambayo ningeirudia hata kesho. Lakini mkiniuliza ipi ilikuwa tamu kuliko zote, nitawaambia ni ya usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, iliyopikwa kwa makaa juu na chini nikiwa na miaka tisa. Msicheke kwanza.

Aliyenionjesha pizza ni jirani yetu Mama Zuwena, muuguzi aliyehamishiwa Kyela kutoka Tanga. Mumewe akienda Mbeya alirudi na kipande cha jibini, na siku hiyo kwao ilikuwa sikukuu. Tulizunguka sinia moja, baba, mama, watoto na mimi mdoezi, kila mkono ukichomoa kipande chake, jibini likivutika mpaka tunasimama kulikata. Nilirudi nyumbani nimepagawa kwa furaha. Kilichonishangaza kuliko hata jibini ni kwamba Mama Zuwena alikula palepale, pamoja nasi, chakula kikiwa cha moto.

Mama yangu hakula hivyo Babu alipokuwepo. Babu, baba mzazi wa baba yangu, alikuwa amekuja kutoka Talatala kutibiwa macho, akakaa kwetu mwezi mzima. Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike humheshimu baba mkwe kwa kumkwepa: hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hasemi naye. Babu akiingia kwa mlango wa mbele, Mama anatokea wa nyuma. Alipika, akapakua, kisha akala mwisho, peke yake jikoni, chakula kimeshapoa. Maneno yao yalipitia kwa Baba, na Baba akienda vijijini kununua kakao, yalipitia kwangu.

Laiti mngeniona kazini! "Mwambie mama yako chai imekolea," anasema Babu. Ukuta wa kati ya sebule na jikoni haukufika hata darini, na Mama amesikia kila neno. Hata hivyo natimua mbio hadi jikoni, nasimama wima, natangaza, "Babu anasema chai imekolea."

"Mwambie Babu nimeshukuru."

Babu naye amesikia, lakini narudi mbio vilevile kumwambia. Nilijiona mtu muhimu kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Ila kula kwa Mama peke yake kuliniuma, tena sana baada ya kuona ya kwa akina Zuwena. Ndipo nikapata wazo lililoninyima usingizi. Pizza huliwa na watu wote kwenye sinia moja. Basi nikipika pizza, Mama hatakuwa na ujanja, lazima aje akae.

Jumamosi moja Baba alikwenda Njisi. Mama Zuwena akanipa hamira na kipande cha jibini kilichoenea kiganjani mwangu. Mama akacheka, "Haya, mpishi," akanikandia unga. Sisi tukaongeza nyanya, vitunguu, pilipili hoho na usipa waliokaangwa. Jamani, ile furaha! Nilifunua mfuniko wa makaa mara nyingi mpaka Mama akatishia kunifukuza jikoni. Nyanya zilikuwa zinachemka, jibini limeyeyuka na kupata madoa ya kahawia, na mimi nilikuwa narukaruka kama niliyekanyaga siafu.

Niliiweka nzima mezani sebuleni, mbele ya Babu, nikapanga viti vitatu. Kisha nikarudi jikoni nikamshika Mama kanga.

"Twende, Mama, inapoa!"

"Mle na Babu, mwanangu."

"Hailiwi hivyo! Kwa akina Zuwena wanakula wote!"

Nikavuta. Mama akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Niache, mwanangu, unaniaibisha," akanong'ona. Nikaangua kilio, nikatangaza kwamba kama ni hivyo, pizza yangu haikatwi na mtu yeyote.

Sebuleni Babu akakohoa. "Mjukuu wangu, njoo. Kitu hiki kinakatwaje?"

"Pembetatu, Babu," nikasema kwa kwikwi.

Alichukua kisu, akapapasa ukingo kwa kidole maana macho yake hayakuona vizuri, akaipasua katikati. Nusu moja akaiweka kwenye sahani. "Hii ya jikoni. Mwambie mama yako asianze. Tunaanza pamoja."

Nikapeleka. Niliporudi nilimkuta amesimama, kofia mkononi. Akaomba kwa sauti yake ya kanisani, ile ya kufika benchi la nyuma. Akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa mikono iliyokipika. Alipomaliza, kutoka upande wa pili wa ukuta Mama akaitika, "Amina."

Tukala. Usipa walikuwa wakavu, wanatafunika vizuri. Babu akaguna, "Ndaga fijo," yaani asante sana, nami nikachomoka kuipeleka jikoni, jibini likining'inia kidevuni. Mama alikuwa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta uleule wa sebule, anakula polepole, na nusu yake bado inatoa mvuke. Nilimhurumia. Nilijua mpango wangu umeshindwa.

Babu alikwisha fariki. Hivi karibuni nilimpeleka Mama kwenye mgahawa mmoja Mbeya, wenye orodha ndefu ya pizza. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alianza kumweleza taratibu pizza ni kitu gani.

"Naijua, mwanangu," Mama akamkatiza, kwa maringo kabisa. "Pizza ya kwanza nilikula na baba mkwe wangu."

Nilifungua mdomo nimsahihishe, kwamba yeye alikula jikoni na Babu sebuleni. Nikaufunga. Nilikumbuka ile "Amina". Mwezi mzima nilibeba maneno yao nikikimbia huku na huku, na hilo moja sikulibeba mimi.