Kiti cha Ambilikile

Yonasi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Mwaka 1951 pikapu yake ilikuwa imekwisha viti kabisa. Toka Tunduma mpaka Vwawa aliiendesha akiwa amekalia debe la mafuta ya taa, kiuno kikimwuma.

Mdogo wake, Ambilikile, alipinduka na motokaa yake korongoni akafa. Yonasi alizika, akakaa msibani siku nne, na siku ya tano akachukua spana akaenda kung'oa viti viwili vya mbele vya lile gari lililobondeka. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Kwao, mtu akikalia kiti cha marehemu kabla ya matanga kuanuliwa, amejitangaza mrithi wa mji, wa ng'ombe na wa mjane. Yonasi aliijua mila hiyo, ila alidhani ni ya vigoda tu. Kiti cha gari, alijiambia, hakina ukoo.

Matundu ya boliti hayakulingana. Alitoboa sakafu upya kwa keke, akapachika vipande vya mninga chini ya miguu ya viti. Alikuwa akikaza nati ya mwisho Sadoki alipoingia uani na ndugu zake wawili, bila hodi. Nyuma yao alikuja dada yao, Tabita, mjane wa Ambilikile.

"Shemeji, naona unatandika kitanda," alisema Sadoki.

"Natengeneza gari. Usinizibie mwanga."

"Mzee wa kanisa, wake wawili. Jumapili utatushikia kikombe kwa mkono upi?"

Ndugu zake wakacheka.

"Mwaka mzima nimekalia debe," Yonasi alisema. "Hamkuja kucheka."

"Basi keti. Keti tukuone."

Yonasi akashika mlango. Hasira ilimsukuma aketi, walau kuwakomoa tu. Mguu mmoja ulikwisha panda.

"Shemeji," alisema Tabita, "ukiketi hapo mimi ni wako, nipende nisipende. Na meza ya Bwana tutaikosa wote wawili."

Akashusha mguu. Akajilaza tena chini ya gari, akafungua alichokifunga. Kiti cha abiria akakihamishia upande wa usukani. Mpini wake wa kusogezea ukawa upande usiofaa, ukigonga mlango. Cha dereva, alichokuwa akikalia marehemu, akakibwaga miguuni pa Tabita.

"Chukueni mtoke kwangu."

"Hata samahani huijui," alisema Sadoki.

"Samahani namwomba Mungu. Wewe nikuombe nini?"

Siku ya kuanua matanga, wazee walimketisha Lusubilo, mtoto wa marehemu, kwenye kile kiti. Alikuwa na miaka mitatu, na miguu yake haikufika chini. Wazee hao Yonasi ndiye aliyewaleta kwa pikapu. Sadoki alipanga watu, kila mmoja na mahali pake pa kuketi, akamruka yeye. Yonasi alisimama mpaka mwisho wa sala, akaitikia amina, akaondoka bila kula.