Maombi ya Kufungua Mkutano wa Maziwa

Mama yangu ana ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo ndiye aliyenisomesha, na sasa anamsomesha kitinda mimba wetu. Kwa hiyo afisa wa biashara alipotoka Nairobi kuja kwetu Manga kukusanya maoni kuhusu mkataba ambao ungeruhusu maziwa ya unga ya ng'ambo yaingie bila ushuru, Mama alifika kanisani kabla hata viti havijapangwa.

Afisa hakujua lugha yetu, Ekegusii, nikaombwa nitafsiri. Alikosea jambo moja tu: alimwona Mama mstari wa mbele, mpole na kilemba chake, akamwomba afungue mkutano kwa maombi. Kwetu sisi Wasabato anayeomba hakatizwi, hata mvua ikinyesha ndani.

"Nyasae," Mama akaanza, "tunakushukuru kwa mgeni huyu. Wakumbuke wafugaji wa ng'ambo, ingawa serikali yao imeshawakumbuka kwa ruzuku."

"Amina," watu wakaitika.

"Ikiwa ni lazima maziwa yao yaje, yaje polepole, sisi tukiwa tumeshajenga kiwanda chetu. Na mkataba uwe na mlango wa kutokea, maana hata safina ya Nuhu ilikuwa na mlango."

"Amina!"

Huku nikimnong'oneza afisa tafsiri, nilifungua jicho moja. Afisa alikuwa ameinamisha kichwa, na amina yake ilizishinda zote. Alilelewa vizuri, maskini.

Tulipoketi akafungua kompyuta, akasema sasa tuanze. Mzee wa kanisa akamwambia maoni tumeshamaliza kuyatoa, na yeye mwenyewe ameyaitikia.

"Yale yalikuwa maombi tu, Mama," afisa akalalamika.

Mama hakungoja nitafsiri. "Kwani mwanangu, wewe humwitikia Mungu bure?"

Nilicheka mpaka nikaona haya. Afisa, jasho likimtoka, akaniomba nirudie maombi yote, naye akayaandika. Sijui kama yalifika kwenye meza ya mazungumzo. Linaloniudhi hadi leo ni kwamba mikataba ya kudumu vizazi huandikwa na watu ambao hawajawahi kukama.

Wakati wa kufunga, macho yote yakamgeukia Mama.

"La, nitaomba mwenyewe," afisa akawahi.

Akaombea safari, viongozi na taifa, akamaliza. Tukaitika wote isipokuwa Mama. Alibaki amefumba macho, mikono ameikunja, na kwa kuwa alikuwa bado anaomba, hakuna aliyethubutu kuondoka. Tulisimama hivyo mpaka miguu ikauma.

"Na ng'ombe wa Mama," afisa akaongeza kwa sauti ndogo.

"Amina," Mama akasema, akaenda kukama.