Mnyororo wa Bosko

Nakumbuka siku moja, Jumamosi, wewe ukiwa na miaka mitano, nilitoka nyumbani nikiwa na hasira na karibu kila mtu hapa Kitengela. Mwanangu, hasira zangu unazijua, lakini siku hiyo nilizidi.

Mbwa wetu Bosko alikuwa akilia tangu nitoke asubuhi kwenda kazini mpaka nirudi. Miaka hiyo nyumba zilikuwa chache, punda milia wanapita nyuma ya choo chetu, kwa hivyo sauti ilifika mbali. Mama Abdi wa duka akaniambia mbele ya wateja, "Mama Mwende, mbwa yako inalia kama imefiwa. Si uipeleke matanga?" Watu wakacheka. Baba yako, kwa simu kutoka Mombasa, akasema Bosko ni mpweke, nimtafutie mwenzake. Rahisi kusema ukiwa Mombasa.

Basi tukaenda, mimi na wewe, pale wanapotunza mbwa waliotupwa. Kulikuwa na jike mweusi, sikio moja limekatika. Alipenyeza pua chini ya wavu, akaweka kidevu juu ya kiatu chako akatulia. Nikasema huyu ndiye atakayekuwa mwenzake Bosko. Lakini dada aliyekuwa akiwatunza hakufungua mlango wa kizimba.

"Huyo wa kwanza anashinda wapi?"

"Amefungwa. Kwani mbwa hushinda wapi?"

"Na mnyororo ni mrefu kiasi gani?"

Nilimjibu vibaya. Nimekuja kusaidia, halafu nahojiwa kama mwizi! Akasema nifikirie kwanza, nirudi Jumatatu. Ulilia njia yote, nami nikakufokea, na hilo bado linaniuma.

Nyumbani tulimkuta Kokoo, yule nyanya Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa, amechuchumaa kando ya Bosko. Nikammwagia yote. Sikutaka ushauri, nilitaka aniunge mkono tu. Yeye akafunua manyoya ya shingo ya Bosko, akanionyesha. Chini ya mnyororo ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu. Mimi niliyemwekea chakula kila siku sikuwa nimeona.

"Kwetu mbwa inatembea na mbuzi mchana," akasema. "Wewe umefunga hii, inalia. Sasa unataka kuleta ingine zilie pamoja?"

"Lakini Kokoo, kila mtu hapa hufunga mbwa mchana."

"Eeh. Na nyinyi wote mnashangaa kelele."

Nikaleta maji ya uvuguvugu, nikamwosha Bosko shingo.

Jumatatu sikurudi kule. Niliziba ua kwa mabati, nikamfungua Bosko. Unajua alifanya nini? Alizunguka nguzo ileile niliyokuwa nikimfunga, duara lilelile, kana kwamba mnyororo bado upo. Siku tatu nzima. Siku ya nne akaja mpaka mlangoni, akalala hapo. Kelele ikaisha.

Baada ya mwezi nilienda kumwangalia yule mweusi. Alikuwa ameshachukuliwa. Nilifurahi, na pia nikaumia, na mpaka leo sijui ni lipi lilizidi. Labda wangepatana. Labda wangeumana. Labda nilichelewa kwa kiburi tu.

Sasa umekua, Bosko amezeeka, na unaniuliza kila jioni, "Mama, tuchukue wa pili?" Ukweli ni kwamba sijui. Usinikasirikie, ningejua ningekwambia. Ninalojua ni hili moja: kabla ya kuleta wa pili, mguse wa kwanza shingoni. Mguse kwa mkono wako, usitosheke kumwangalia ukiwa mlangoni. Ukikuta kidonda, kazi yako iko hapo kwanza. Ukikuta manyoya tu, njoo, tutaenda wote, na safari hii nitajibu maswali bila kelele.

Mungu akupe ua mpana, mwanangu, na mkono usioogopa kugusa panapouma. Na akulinde na hasira za mama yako.