Korbesa Ilipata Sufuri

Istar Dualeh alikuwa mjukuu wa askari wa Kisomali aliyepewa makao Isiolo baada ya vita vya Wazungu. Alisomea uchumi Nairobi, akaipenda hesabu moja kuliko zote: ukiwa na kidogo, ukigawe vipi kifae watu wengi iwezekanavyo.

Ukame wa 1984 ulipokaza, shirika moja la msaada lilimwajiri apange safari za mahindi. Lori zilikuwa chache, dizeli ya shida. Istar aliandika masharti yote, kisha akatafuta mpango ambao kila lita ingelisha watu wengi zaidi. Jibu likatoka: Merti, mji mdogo wenye watu wengi, ipate lori nyingi. Korbesa, kijiji cha mbele zaidi chenye watu wachache, sufuri.

Alirudia hesabu akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

"Watakuja Merti kuchukua," alisema Salesio, mkubwa wake.

Walikuja wenye nguvu ya kutembea. Istar alipokwenda Merti kukagua ugawaji, mama mmoja wa Korbesa, Kabale, alimsogelea.

"Salaam aleikum. Ni wewe unapanga lori?"

"Aleikum salaam. Ni mimi, mama."

"Mama yangu tuliacha nyumbani, miguu ilikataa. Upepo ukivuma alikuwa anasema, hiyo ni lori, inakuja. Mpaka akakufa anasema hivyo." Kabale hakulia. "Hiyo lori ilipotelea wapi?"



Tangu siku hiyo Istar akaanza kusikia lori. Akiwa Isiolo, mchana, anakoroga uji, mara injini inanguruma kwa mbali, inapanda gia, haifiki. Akitoka nje, barabara ni vumbi tupu.

Akaongeza sharti jipya: hakuna kijiji kitakachopata sufuri.

"Sasa Merti watapungukiwa," Salesio alimwambia. "Huko pia kuna wazee."

"Najua," alisema Istar. Hakulala vizuri kwa sharti hilo pia.

Lori ya kwanza ya Korbesa aliipanda mwenyewe. Nyumba nyingi zilikuwa zimehamwa, zimebaki fito tu. Kabale alimpeleka kwenye rundo la mawe, wakasoma Fatiha, kisha akampa chai ya rangi. Hakuna aliyemlaumu. Afadhali wangemlaumu.

Mvua iliporudi aliacha kazi, akafundisha hesabu Isiolo miaka yote iliyofuata. Merti, ambako sharti lake lilipunguza mahindi, hakukanyaga tena.