Kuchera Wawili wa Mji Mmoja

Asubuhi ile, kabla mambo hayajaharibika, tulikuwa tukibangua korosho. Mimi na Mbeyu, mke wa shemeji yangu Katana, tumeketi uani, mikono tumeipaka majivu ili utomvu wa maganda usituunguze, na moshi unatutoa machozi. Mbeyu akainua kichwa akaita, "Kuchera! Lete kuni!" Wakaitika watatu: "Naam!" Mmoja mwanawe, mmoja mwanangu, na wa tatu baba mkwe wetu, mzee mzima aliyekuwa amejilaza barazani. "Nani anayenituma kuni miye?" akauliza. Tulicheka mpaka korosho zikaungua.

Naanza na kicheko kwa sababu kilikuwapo. Watu wakisikia ninavyomsema Katana leo hudhani mji wetu ulikuwa wa chuki tangu zamani. Haukuwa. Tulikula chungu kimoja hapa Tezo, tukalima pamoja, tukazika pamoja.

Jina Kuchera si la Kigiriama wala la Kiarabu. Babake baba mkwe wangu alikuwa kibarua katika shamba la mkonge, na siku moja mashine ikamshika mkono. Fundi wa mashine alikuwa mzungu wa Ucheki, jina la ukoo wake Kučera. Akaizima mashine, akambeba mgongoni mpaka kwenye lori, akampeleka hospitali mwenyewe. Vidole viwili vilikwenda, roho ikabaki. Nyumbani mkewe alikuwa na mimba, naye akaapa kwamba mtoto akiwa mwanamume ataitwa Kuchera. Ndivyo jina lilivyoingia kwetu. Hakuna damu ya mzungu hata tone, ni shukrani tu.

Likishaingia, halitoki. Kwetu kila mwanamume humpa mwanawe wa kwanza jina la babake. Mzee Kuchera alizaa wana wawili, Katana na Charo. Katana akamzaa Kuchera. Charo, mume wangu, naye akamzaa Kuchera. Majirani waliwatenganisha kwa baba zao: Kuchera wa Katana, Kuchera wa Charo. Mimi na Mbeyu sote tukawa Mama Kuchera, ukiita mmoja tunageuka wote wawili.

Charo alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Wazee walitaka Katana anirithi. Nilikataa, tena mbele ya watu, kwa sababu sikuwa mbuzi wa kuhamishwa zizi. Tangu hapo shemeji aliniamkia kwa mdomo tu, macho yake yako kwingine. Lakini mwanangu alimwita baba, kama inavyopasa, na kila msimu alimlimia shamba lake kabla ya langu. Nilimwachia. Niliona mtoto asiye na baba anahitaji mtu mzima wa kumsemea siku atakapohitaji kusemewa.

Mwaka ule ulikuwa wa kura. Vikaratasi vilianza kuokotwa njiani, vimeandikwa kwamba watu wa bara wafunge virago waende kwao. Wengine walivicheka. Kisha maduka ya barabarani yakachomwa, watu wakakatwa mapanga, kituo kimoja cha polisi kikavamiwa na bunduki zikabebwa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi hatukutia. Tulijiambia, hayo ni ya watu wa bara na serikali yao.

Vijana wetu wawili walishika njia mbili. Mwanangu alipakia baiskelini mizigo ya mama mmoja wa bara aliyekuwa akituuzia viazi, akamsukumia mpaka kanisani Kilifi walikokimbilia wenzake. Alirudi jioni na kikapu cha viazi alichopewa kwa asante. Kuchera wa Katana aliingia msituni kula kiapo na wavamizi. Alirudi baada ya siku kadhaa na redio mpya, na hakuna aliyemuuliza ameitoa wapi. Mimi nilimwambia Mbeyu, "Mwenzangu, mzuieni huyu mtoto." Akanijibu, "Wako anabebea watu wa bara viazi, wangu anapigania ardhi. Nani wa kuzuiwa?"

Hayo yalikuwa maneno yetu ya mwisho ya kujibizana kama ndugu.

Askari walikuja asubuhi, uji uko motoni.

Walishuka kwenye lori huko barabarani, wakaja kwa miguu kupitia mikorosho, wakatuzunguka. Tulitolewa nje sote, tukaketishwa uwanjani juani.

Afisa wao alikuwa kijana, amelala vibaya, macho mekundu. Akauliza, "Kuchera ni nani?"

Mzee akajizoazoa, akasimama na mkongojo wake. "Kuchera ni miye."

Askari mmoja akacheka. Afisa hakucheka. Akamwambia mzee aketi, naye hakuketi. "Umeuliza Kuchera," akasema mzee. "Jina ni langu, walipewa kwa ajili yangu. Nichukueni miye."

Wakamsukuma, akaanguka.

Hapo mwanangu akainuka kumshika babu yake. Afisa akamuuliza, "Na wewe unaitwa nani?"

"Kuchera."

Hakusita. Kwa nini asite? Hakuwa na la kuficha.

Walimfunga mikono kwa nyuma kwa shati lake mwenyewe.

Nilipiga kelele. Nilisema, siye, wako wawili, mnayemtaka siye huyu. Afisa akanigeukia kwa hasira. "Mama, usinichezee. Jina kama hili sijawahi kulisikia maishani mwangu. Leo liwe la vijana wawili, nyumba moja?"

"Ndivyo mila yetu! Muulize shemeji yangu, ndiye anayeuongoza mji!"

Akamuuliza. Nakumbuka alivyomwendea Katana, akamsemesha kwa adabu, "Mzee, wewe ndiye mkubwa hapa. Kuna kijana mwingine wa jina hili?"

Nilishusha pumzi. Nilijua limekwisha. Ndiye aliyemlea mwanangu.

Katana alitazama chini. Kisha akasema, "Hakuna mwingine. Ni huyu."

Mwanangu alimwita. "Baba?" Mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kitu asichokielewa. Wakamwondoa.

Nililifuata lori mpaka vumbi likalifunika. Niliporudi, uji ulikuwa umeungua na moto haujazimwa. Nikamwona Kuchera wa Katana akishuka kutoka uchagani, pale juu ya jiko la Mbeyu tunapoweka mahindi yasiliwe na wadudu. Nywele zake zimejaa masizi. Alikuwa mle ndani muda wote, amesikia kila neno. Mbeyu alikuwa akimpa maji ya kunawa.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wanavyosema. Huyu alichuma, na aliyekula ni mwanangu peke yake.

Nilimtafuta. Nilikwenda kituo cha Kilifi, nikaenda Malindi, nikaenda mpaka Mombasa nikalala kwenye veranda za watu. Kila mahali nilitaja jina, na kila mahali walinijibu kwamba hawana mtu wa jina hilo. Askari mmoja wa kaunta, mtu mpole, alinihurumia. "Mama, jina kama hilo tungelikumbuka," akasema. Nilitamani kumpiga. Kule nyumbani jina lilikuwa geni mno kuwa la vijana wawili, na huku lilikuwa geni mno kuwa hata la mtu mmoja.

Nilimsihi Katana aende nami. Aseme tu kwamba alikosea, wako wawili. Hata kama mwanawe amekwisha kukimbilia kwa wajomba zake, aseme. Akaniambia, "Shemeji, yaliyopita yamepita. Unataka nimpoteze na huyu?" Ati nimpoteze na huyu! Kana kwamba wangu tulimpoteza sote, kwa bahati mbaya, kama kisu kilichoanguka kisimani.

Mzee Kuchera hakumaliza mwaka. Siku zake za mwisho alikuwa akiita, "Kuchera! Kuchera!" na hakuna aliyethubutu kuitika. Kuchera wa Katana alikuwa amesharejea wakati huo, serikali imekwisha kusahau. Alisimama mlangoni, akageuka, akaenda zake.

Wanasema ndugu mui heri kuwa naye. Aliyesema hayo hakuishi na Katana. Nilibomoa ukuta wa mbele wa nyumba yangu, nikageuza mlango utazame mikorosho, nisiwe nafungua asubuhi na kuona uso wake. Hatukuamkiana tena. Wachungaji walikuja kutupatanisha, wazee wakaja, nikawapikia, wakala, wakaondoka. Niliwaambia sitaki mbuzi wala sitaki fidia. Nataka asimame pale uwanjani, mbele ya watu, aseme: walikuwa wawili. Basi. Katana akakataa, kwa sababu kusema hivyo ni kusema alimtoa nani na kwa ajili ya nani.

Miaka ilikwenda hivyo. Kuchera wa Katana akafungua duka la vifaa vya ujenzi Gede, akaoa, akazaa wanaume wanne. Wa kwanza ni Katana, kama mila inavyotaka. Nao hao wameanza kuzaa, na wawili kati yao wazaliwa wao wa kwanza ni wanaume. Ukipita asubuhi utamsikia mtu akiita, "Kuchera, njoo unywe maziwa!" Kila nikilisikia, mwili wangu bado unageuka kabla sijauzuia.

Mwezi uliopita akaja Mcheki.

Ni mtu mzima aliyestaafu, amepanga nyumba Watamu, Kiswahili chake cha ufukweni lakini kinaeleweka. Alikwenda dukani Gede kununua misumari, akauona ubao umeandikwa Kuchera, akashtuka, maana naye ndilo jina lake. Siku ya pili akaletwa Tezo na Kuchera mwenyewe, na kreti ya soda. Mji mzima ukajaa uwanjani. Wakaniita na mimi, Mama Kuchera. Nilikwenda kwa udadisi, nikaketi mbali.

Alitarajia kupata ndugu. Katana alipomsimulia habari ya fundi wa mkonge, alinywea kidogo, kisha akatabasamu. Akatuambia asili ya jina: zamani kwao waliitwa hivyo watu wenye nywele za kujikunja, ndipo lakabu ikawa jina la ukoo. Uwanja ukavunjika mbavu. Mbeyu, ambaye sasa hana hata jino la mbele, akajishika kichwa. "Loo! Basi Tezo yote ni Kuchera!"

Akatuambia pia kwamba kwao jina hili limejaa kila mji. Mwalimu ni Kučera, mchinja nyama ni Kučera, na hawana udugu wowote. Yeye katika uzee wake anafuatilia jina hili lilikofika duniani, na kuandika idadi ya wanaolitumia leo.

Nikapaza sauti kutoka kule nilikokaa. "Bwana, kwenu askari wakija kumtafuta Kuchera, wanamjuaje ni yupi?"

Akashangaa swali. "Wanauliza tarehe ya kuzaliwa, mama. Na anakoishi."

"Kwetu walimuuliza baba mkubwa," nikasema. Hakuelewa. Waliozidi miaka arobaini walielewa, na vicheko vikapungua.

Lakini Katana masikio yamekwisha, hakunisikia. Alikuwa amevalishwa kanzu safi, amekalishwa kwenye kiti cha mikono, na mzungu amepiga magoti karibu na sikio lake, kalamu na daftari mkononi. "Mzee, hapa kwenu Kuchera ni wangapi?"

Katana akanyoosha vidole. Alikuwa na furaha, ndiyo, nilimwona, furaha ya mwenye mali. "Wengi! Marehemu babangu, mmoja. Mwanangu huyu hapa, wawili. Wa ndugu yangu Charo, watatu. Na vitukuu wangu wawili. Watano!"

Nilisimama. Magoti yangu siku hizi yanalia, lakini siku hiyo hayakulia. Nilitembea mpaka mbele ya kiti chake, nikainama, nikasemea sikioni mwake kwa nguvu, na uwanja wote ukasikia.

"Rudia, shemeji. Wa tatu ni nani?"

Kidole cha tatu kilikuwa bado kimesimama.

"Siku ile uliulizwa swali hili hili, hapa hapa. Ukasema hakuna mwingine. Leo kuna soda, wamekuwa wawili?"

Kuchera wa Katana, kichwa chake sasa cheupe, alitazama miguu yake. Yule Mcheki wa watu akatazama huku na huku, hajui amekanyaga nini. Mwishowe akauliza taratibu, maana kalamu ilikuwa ikimngoja, "Huyo wa tatu yuko hai? Mimi nahesabu walio hai."

"Muulize yeye," nikasema. Akamuuliza sikioni.

Macho ya Katana yalijaa maji, nami sikumhurumia. Kidole kikakunjika polepole.

"Sijui," akasema.

Nimelisubiri neno la kweli kutoka kinywani mwake tangu mwanangu alipomwita baba, na nilipolipata likawa hilo. Sina ugomvi nalo. Ni kweli, hajui. Hata mimi sijui.

Mcheki alingoja kidogo, labda nimwambie la kuandika. Sikumwambia. Akaandika watatu. Wote ni wa Katana.